Nuuk, Greenland: nina siku nne, nianzie wapi kuona ya kale?

BintiVuga (Mji Mkongwe)

Assalaam alaykum wana baraza.

Mimi ni mtembeza wageni hapa Mji Mkongwe, huu mwaka wa tisa. Mwaka jana nilimtembeza mama mmoja muuguzi aliyetoka Nuuk, mji mkuu wa Greenland. Wageni wengi wakifika kwenye mlango wa njumu hupiga picha wakapita. Yeye alisimama, akauliza mti gani huu, nani kauchonga, na mbona kizingiti kimeliwa. Siku tatu tulizunguka pamoja mpaka tukawa marafiki. Sasa kanialika kwao mwezi wa nane. Nitalala nyumbani kwake, ila mchana yumo hospitali kazini, kwa hivyo siku nne nitakuwa natembea peke yangu.

Nimetafuta mitandaoni, kila mahali picha ni ile ile: kanisa jekundu, nyumba za rangi, mlima nyuma. Hakuna anayesema kitu gani utazame ndani ya hicho unachokiona. Namtaka mtu aliyekanyaga. Mji wenyewe nasikia una watu kama elfu ishirini hivi, kwa hivyo kufika kila mahali naweza, lakini sitaki kufika tu. Nataka nikirudi niweze kuwaeleza wenzangu wa kazi wale watu wanatunza nini na wanakitunza vipi. Na jengine, kuhusu sala na chakula, nitafanyaje?

Natanguliza shukurani.

Kombo_wa_Magomeni

Wa alaykum salaam dada. Nuuk sijafika, lakini niko Copenhagen mwaka wa sita, nakutahadharisha na jambo la viza. Greenland imo katika ufalme wa Denmark lakini haimo kwenye eneo la Schengen, zile nchi za Ulaya za viza moja. Ukiomba viza sema wazi kwamba unakwenda Greenland, na ukiipata isome vizuri, lazima iandikwe kuwa inafaa kwa huko. Kuna jamaa yangu aligundua haikuandikwa, na tiketi alishalipa. Yalikuwa mazito.

Safari yenyewe imerahisika. Zamani lazima ushuke Kangerlussuaq, ubadilishe ndege ndogo. Tangu Novemba 2024 Nuuk wana njia ya kurukia ya mita 2,200, ndege kubwa inatoka hapa mpaka pale moja kwa moja. Chukua koti la kuzuia upepo. Mwavuli uache.

MpishiMalindi

Wa alaykum salaam mwanangu. Nuuk nimekaa majira mawili ya joto, 2011 na 2014, nikipika hotelini. Nimezaliwa Malindi, marehemu baba yangu alikuwa fundi chokaa, na nyumba nyingi za Kiponda na Mchambawima zimepitiwa na mwiko wake. Kwa hivyo nilipofika kule macho yangu yalitafuta kuta. Sikuziona. Nyumba za mbao, ndogo, zimekaa juu ya majabali, na upepo unapita katikati yake. Wiki ya kwanza nilivunjika moyo kabisa, nikaona hapa pana nini cha kale? Ikanichukua muda kujua kwamba natafuta kitu cha kwetu mahali ambapo hakipo.

Basi mimi nakwambia anza na maji. Muulize mwenyeji wako siku hiyo maji yanapwa saa ngapi, uteremke bandari ya zamani, chini ya kanisa. Kule bahari inapwa na kujaa kwa nguvu kama huku kwetu, bamvua lao ni bamvua khasa. Maji yakitoka, pale kwenye mawe ya ufukweni utaona sanamu ya jiwe: mwanamke mkubwa ameketi, wanyama wamemzunguka, na mtu anamchana nywele. Huyo ndiye Sassuma Arnaa, Mama wa Bahari. Wahenga wao wanasema watu wakikosea, makosa yao yanamnasa nywelani kama uchafu. Yeye hukasirika, anawazuia sili na nyangumi chini kwake, watu wanakufa njaa. Hapo mganga hushuka mpaka kilindini akamchana na kumtakasa nywele, ndipo wanyama hurudi. Maji yakijaa, sanamu inafunikwa. Mimi nilikwenda mara ya kwanza maji yamejaa, nikaona kichwa tu, nikadhani ni jiwe la kawaida. Jioni mwenzangu wa jikoni akanicheka, akanirudisha kesho yake asubuhi. Mwani ulikuwa bado unamdondoka magotini. Mtoto wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi.

Ukisimama hapo hapo, inua macho. Juu ya kilima kuna sanamu nyengine, ya Hans Egede, mmishonari wa Denmark na Norwei aliyefika pande hizo 1721. Alikuwa anawatafuta wazao wa Wanorwei wa kale waliohamia Greenland karne nyingi kabla yake. Hakumkuta hata mmoja, akawakuta Wainuiti, wenyeji wa nchi, akabaki kuwahubiria hao. Mwaka 1728 makazi yakahamishiwa hapo ulipo mji leo, Wadenmark wakayaita Godthåb, maana yake tumaini jema. Wenyewe wanapaita Nuuk, na Nuuk ni rasi tu, kama sisi tunavyosema Ras Nungwi. Jina hilo likawa rasmi 1979 walipopata serikali yao ya ndani. Nyumba ya Egede ipo chini ya kilima, ya 1728, ndiyo kongwe kuliko zote nchini kwao zinazotumika mpaka leo. Usitegemee Beit al-Ajaib. Ni nyumba ambayo kwetu ungeipita ukidhani ni ya mlinzi. Lakini isogelee, utaona kuta zake ni za mawe, nene. Baba yangu angeipenda.

Kanisa jekundu unaloliona kwenye kila picha lilifunguliwa 1849, na mnara wake uliongezwa 1884. Kama mlango uko wazi ingia. Dakika kumi zinatosha.

Usiharakishe makumbusho. Nakuomba sana. Yamo kwenye maghala ya zamani hapo hapo bandarini. Wengi wanakwenda moja kwa moja chumba cha maiti waliokaushwa na baridi, na nitakuambia habari zao. Lakini wewe kwanza nenda kwenye vyombo. Kuna kayaki, kile chombo chembamba cha mtu mmoja, na kuna umiak, chombo kikubwa cha kupigwa makasia na wanawake, kinachobeba familia nzima na mbwa na hema. Mbao za kule ni zile zinazoletwa na bahari tu, maana miti ya kupasua mbao hakuna. Basi mifupa ya chombo ni vijiti hivyo vya kuokota, na juu yake ngozi za sili zilizoshonwa. Hakuna msumari. Niliinama nikatazama mshono kwa karibu mpaka mlinzi akanijia. Uzi ni mishipa ya mnyama. Ngozi mbili zinapandana, na sindano inaingia nusu ya unene wa ngozi, haitokezi upande wa pili, ili pasiwe na tundu la kupitisha maji. Wanashona upande mmoja, wanageuza, wanashona tena. Ukigusa kwa kidole (usiguse) ni kama kovu lililopona.

Mwanangu, mimi nilisimama pale nikaukumbuka mtepe. Nawe bila shaka umewaeleza wageni mara mia habari za mtepe, ule uliokuwa ukionyeshwa Beit al-Ajaib, mbao zimeshonwa kwa kamba za usumba bila msumari. Bahari mbili hazijuani, moja ya barafu na moja ya pepo za kusi na kaskazi, na watu wa zote mbili wameamua chombo kishonwe. Kule washonaji walikuwa wanawake. Yule mlinzi alipoona sitoki, nikamchorea mtepe nyuma ya tiketi. Akaita wenzake wawili waje waone.

Maiti wenyewe walipatikana 1972 mahali panapoitwa Qilakitsoq, kaskazini sana mwa Nuuk. Ndugu wawili wawindaji waliwakuta chini ya jabali: wanawake sita na watoto wawili, waliokaa hapo tangu kiasi cha mwaka 1475. Ukavu na baridi vimewahifadhi, mavazi ya ngozi za sili na za ndege bado yana manyoya. Watafiti waliona tojo kwenye nyuso za watano katika wale wanawake sita. Wanne wamo humo makumbushoni, na mmoja ni mtoto wa miezi sita. Uso wake unatazama juu, kofia ya vazi imemzunguka. Jiandae.

Kitu cha mwisho hakipo tena, lakini nakutaka ukakisimamie pahala pake. Katikati ya mji palikuwa na jengo linaloitwa Blok P. Lilijengwa 1965 na 1966, ghorofa tano, nyumba 320, na lilichukua karibu mtu mmoja katika kila mia ya watu wa nchi nzima. Serikali ya Denmark ilikuwa inawahamisha watu kutoka vijiji vya uvuvi waje mjini waishi kisasa. Sasa sikiliza. Milango ilikuwa myembamba, mtu aliyevaa nguo za kuwindia anapita kwa taabu. Pa kuweka nyavu hapana, vikawekwa kwenye baraza za juu na ngazini. Pa kuchunia sili hapana, watu wakachunia kwenye bafu, damu ikagandia kwenye mabomba. Mimi niliposimuliwa hayo nilimuona bibi yangu, alipotolewa Ng'ambo akapewa nyumba ghorofa ya juu Michenzani. Alipanda na kinu chake. Siku ya kwanza aliyotwanga, jirani wa chini akapanda kulalamika, tena kwa adabu, na bibi akaona haya. Kinu kikakaa chini ya kitanda mpaka alipofariki.

Mwaka 2011 nililikuta Blok P limesimama, madirisha mengine yana mapazia, mengine matupu. Kwenye ubavu wake palitundikwa bendera kubwa mno ya Greenland, iliyoshonwa kwa nguo ambazo watu walikuwa wakivaa. Kazi ya msanii wao, Julie Edel Hardenberg. Oktoba 2012 jengo likabomolewa. Niliporudi 2014 nikakuta uwazi, na wenyeji wakipita pale bado wananyoosha kidole wanasema, sisi tulikuwa pale juu. Mwombe mwenyeji wako akupeleke.

Chakula usihofu, samaki wako tele, halibuti na salmoni na kamba wa maji baridi watamu. Lipo soko lao, wanaliita Kalaaliaraq, wawindaji wanaleta walichopata kama diko la Malindi asubuhi. Nyama ziulizie kabla hujanunua. Kuhusu sala, mwezi wa nane jua linachelewa mno kuzama na kiza chake ni chepesi. Mtafute mwenye elimu kabla hujaondoka akuelekeze Isha na Alfajiri utazihesabu vipi. Mimi nilikuwa nikisali chumbani kwangu.

Maalim_Chake

Assalaam alaykum. Ndugu MpishiMalindi, nimesoma maneno yako mara mbili, Mungu akulipe kheri. Ila lipo lililonikaa kooni. Mtoto wa miezi sita kuwekwa kwenye kioo, watu wanalipa waje wamtazame? Sisi maiti ana haki zake, na ya kwanza ni kusitiriwa. Mimi kila mwaka nachukua wanafunzi wangu wa skuli kwenda Ras Mkumbuu. Tunatembea kwenye magofu ya msikiti na yale makaburi ya nguzo, na kitu cha kwanza ninachowafundisha ni kushusha sauti na kutokanyaga. Hao wenyeji wameridhika kweli na jambo hilo?

Na la pili, huyo Egede. Kama alikuja kuwabadilisha dini yao na nchi ikaishia kutawaliwa, mbona bado kasimama juu ya kilima anawatazama?

La tatu ni shauku yangu tu. Magofu yapo? Au ni mbao tupu?

MpishiMalindi

Maalim, heshima yako. Nitakujibu kwa nilivyoona.

Kuhusu maiti, mimi niliingia chumba kile mara moja tu. Mara ya pili, 2014, nilifika mlangoni nikarudi. Chumba kina mwanga mdogo, na watu wakiingia wanakaa kimya bila kuambiwa. Nilimkuta bibi mmoja wa huko kasimama mbele ya mtoto, analia polepole, anasema naye kwa lugha yao. Hakuwa anatazama kioja. Lakini hoja yako ni nzito, nami siwezi kuipindua. Ninachojua ni kwamba makumbusho yale yako mikononi mwao wenyewe. Vitu vyao vingi vilikuwa vimekaa Copenhagen, na baina ya 1982 na 2001 Denmark iliwarudishia kiasi cha vitu 35,000. Mpango wenyewe waliuita Utimut, yaani kurudi. Wakati ule ule wao walikubali mwenzao abakiwe na baadhi, wakagawana kwa mazungumzo. Hilo wasimamizi wetu wa makumbusho wangelisoma kwa makini sana.

Sanamu ya Egede ina kisa chake. Juni 2020, siku ya taifa lao, iliamkia rangi nyekundu, na chini yake limeandikwa neno la kutaka ukoloni uondoke. Manispaa ikawaita watu wapige kura: ibaki au itoke? Kura 921 zikasema ibaki, 600 zikasema itoke. Ikabaki. Nimezungumza kwa simu na yule mwenzangu wa jikoni mwaka ule, yeye alitaka itoke na bado anataka. Anasema kila akipita na mtoto wake inamlazimu aeleze. Mimi nadhani kule kueleza ndiko kulikoiokoa, ila hilo ni langu, na mtawaliwa aliyekuwa chini ya sanamu ana haki zaidi ya kusema kuliko mimi.

Na nisiwe dhalimu, wamishonari hawakuwa wamoja. BintiVuga, sehemu ya kusini ya mji kuna nyumba ya Wamoravian, madhehebu ya Kikristo kutoka Ujerumani. Walikuja 1733, nyumba ikajengwa 1747, na 1900 wakaondoka nchini. Tembea mpaka pale jioni. Katika jamii ile alitoka Samuel Kleinschmidt, aliyezaliwa kule kule Greenland, akaandika sarufi ya Kigreenland iliyochapwa 1851. Sarufi ya Kiswahili ya Krapf, mmishonari aliyekuwa huku kwetu pwani, ilichapwa 1850. Mwaka mmoja tu baina yao! Kleinschmidt alikuwa akienda mjini kufundisha na kurudi Moravian kulala, na majira ya baridi alishika fanusi. Akifika katikati ya njia alikuwa akiitundika kwenye mti uliosimikwa, kisha usiku anapita kuichukua imwongoze nyumbani. Njia hiyo unaweza kuitembea mwenyewe.

Magofu yapo, Maalim, ndani ya ghuba refu lililo nyuma ya mji. Wale Wanorwei waliokuwa wakitafutwa na Egede walikuwa na makazi huko, wakayaacha katika karne ya 14, wakati ambao Ras Mkumbuu kwenu ni mji wa watu wenye neema. Inabidi uende kwa boti. Mimi sikufika huko. Nilipofika ni Kangeq, kijiji cha kisiwani karibu na mdomo wa bahari, kilichohamwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nyumba zimebaki tupu, nyasi mpaka dirishani. Hapo ndipo alipozaliwa Aron, mwindaji aliyeugua kifua, akawa analala kitandani anachora. Mdenmark mmoja mtawala, Hinrich Rink, alimpelekea karatasi na rangi, na Aron akachora hadithi za wazee wao, hata zile za Wainuiti na Wanorwei kuuana. Alikufa 1869. Picha zake ukiziona makumbushoni, tazama theluji alivyoiacha karatasi yenyewe iwe nyeupe, hakuipaka kitu.

Maalim_Chake

Nimekuelewa, na hilo la yule bibi limenigusa. Bado ningemsitiri mtoto. Lakini habari za Aron nitawasimulia wanafunzi wangu Jumatatu, inshallah, na kura ya sanamu pia, niwaache wabishane.

BintiVuga

Ami, sijui nikushukuru vipi. Nimeyaandika yote kwenye daftari la kazini, ukurasa wa mshono na ukurasa wa fanusi nimeupigia mstari. Kaka Kombo, viza nimeshaulizia, ulichosema ndicho walichonijibu.

Jana nimempigia rafiki yangu simu. Nikamuuliza kama anaijua Blok P. Akanyamaza kidogo, akasema amezaliwa wakati mama yake anaishi humo, ghorofa ya tatu, na baba yake alikuwa anakausha samaki kwenye baraza mpaka jirani wa juu akapelekea mashitaka. Kasema tutakwenda pamoja siku ya mwanzo, kabla ya kitu chochote, hata kabla ya Mama wa Bahari. Kumbe siku tatu zile alizokuwa hapa nilimpitisha Michenzani kwa gari tu, sikumsimamisha. Akija tena atashuka.

Zawadi nimeshapata. Shangazi yangu Jambiani amefukua makumbi yake mchangani wiki iliyopita, anayapiga sasa. Nimemwomba anisokotee kamba ya usumba pima mbili, nyembamba, ya kushonea. Nikifika makumbushoni nitamtafuta yule mlinzi wako, kama bado yupo.